Koo Moja, Kiangazi Kizima

Jumapili, 25 Mei

Jana tumefungua msimu kwenye banda la dansi la Lammasniemi. Mbao zimepakwa rangi upya, ziwa bado lina baridi ya kuuma meno, na safari hii watu walizidi mbu. Mimi, Helka Rautio, mwalimu wa nyimbo za chekechea kwa miaka mingi, tangu jana nakula kwa koo langu mwenyewe. Bendi inaitwa Taa za Mbali. Mikataba ni yangu, gari ni langu, mabango ni yangu, na lawama bila shaka zitakuwa zangu pia.

Lawama ya kwanza ilikuja mapema. Nilifungua na tango langu mwenyewe, la dansi si la kachumbari, lile nililolitunga majira ya baridi nikiwa nimejifungia jikoni. Nikalitangaza kwa mbwembwe: "Na sasa, wimbo mpya kabisa, wangu mwenyewe!" Wanaume walibaki ukutani kwao, wanawake kwenye benchi lao, kila mtu akitazama viatu. Niliimba beti tatu kwa ajili ya sakafu.

Mzee Veikko, mpiga kodiani wetu, alinifuata wakati wa mapumziko. Amepiga kwenye mabanda haya kwa viangazi arobaini, na nilimchukua kwa ajili ya vidole vyake na kichwa chake pia.

"Binti," akasema, "mwanamume akimchukua mwanamke, anacheza naye nyimbo ngapi?"

"Mbili. Kisha anamrudisha kwenye benchi."

"Anaweza kumwacha baada ya moja?"

"Labda kama anataka kusemwa wilaya nzima."

"Basi wimbo wako uweke wa pili. Wa kwanza wape wanaoujua, washikane. Wa pili wape wako, na usitangaze kitu. Hawana pa kwenda."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Baada ya mapumziko tukafanya hivyo hivyo. Banda zima lilicheza tango langu bila kujua ni la nani, na bibi mmoja alifumba macho.

Jumapili, 1 Juni

Mvua. Watu wachache. Koo kavu kidogo asubuhi. Ni ubaridi tu.

Jumapili, 8 Juni

Naandika mafunzo ya mzee kabla hayajanitoka. Ukifika kwenye banda, msalimie kwanza anayepika kahawa, mwenyekiti wa banda baadaye. Santuri uza karibu na maandazi ya iliki, si karibu na jukwaa, maana kwenye maandazi watu wameshashika pochi. Wimbo uandikishe kabla ya kuuimba hadharani, hata kama unaona aibu. Mwendo wa walzi, ile dansi ya hesabu ya tatu, utazame kwenye magoti ya wazee, usiutafute moyoni mwako.

Na usikatae simu. "Kiangazi chetu ni kifupi kuliko mkia wa sungura," anasema. "Atakayepiga simu Juni ukamkatalia, Juni nyingine atampigia mwenzako."

Kwa hiyo nimekubali zote. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumatano moja kwenye hafla ya wauza matrekta. Tapsa, mpiga ngoma wetu, amening'iniza ratiba ndani ya gari na kuandika juu yake: "Tutalala Oktoba."

Binti yake Veikko, Mirva, anayepiga gitaa la besi, aliisoma ratiba ile mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi. Huyu mwanamke hanipendi. Majira ya baridi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na ananitazama kama mimi ni mgonjwa anayekataa dawa.

Jumapili, 15 Juni

Sauti imekwaruza tangu wimbo wa kumi. Asali, chai, skafu shingoni katikati ya Juni. Nilimwuliza Mzee Veikko kama kuna ubaya kufuta hafla ya matrekta nipumzike. Akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, mwanangu. Mengine yote niliyokufundisha unaweza kuyasahau. Hili usilisahau: usifute. Umevunjika mguu, njoo na gongo. Mama yako anazikwa, mzike asubuhi, uje jioni. Bendi ikifuta mara moja, wenyeviti wanapigiana simu kabla hujashusha yako."

"Na koo?"

"Koo ni msuli. Msuli hukua kwa kazi."

Jumatano nikaenda kwa wauza matrekta.

Jumapili, 22 Juni

Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, imepita na mimi bado nipo. Ijumaa kwenye moto wa mkesha, jana Lammasniemi, mvua ya baridi siku zote mbili, moshi wa soseji ukiniingia puani jukwaani. Katikati ya zamu ya wanawake, taa nyekundu ikiwa inawaka kuonyesha sasa wao ndio wanaochagua, na mabibi wakiwakimbilia wacheza walzi wazuri, sauti yangu ilikatika kwenye noti ya juu. Ilikatika kabisa, kama mtu kazima swichi. Veikko akaidaka kwa kodiani, na nadhani wengi waliona ni mapambo.

Orvokki hakuona mapambo. Orvokki ndiye mwenyekiti wa chama cha vijana kinachomiliki banda lile. Ana miaka sabini na tano na bado yuko chama cha vijana. Anapika kahawa, anauza tiketi, na kamati za mabanda yote ya huku humwuliza yeye kwanza kabla hazijaita bendi. Tulipokuwa tunapakia vyombo alikuja na aproni yake yenye unga.

"Tarehe thelathini Agosti mnanifungia msimu," akasema.

"Tunafunga, Mama Orvokki."

"Wiki ile ile naandika orodha ya mwakani. Nawaandika wanaojaza sakafu." Akanitazama shingoni, penye skafu. "Jitunze."

Hapo ndipo maisha yangu yaliponing'inia. Nikiwa kwenye orodha ya Orvokki, nina mwaka mzima wa kazi. Nisipokuwemo, chekechea wamenishikia nafasi yangu mpaka mwisho wa Agosti, na nyimbo za konokono zinanisubiri.

Alhamisi, 3 Julai

Mazoezi nyumbani kwa Veikko. Mkewe, Anneli, alitupikia supu ya samaki. Mwanamke mrefu, mzuri, anayesema kwa mnong'ono tu, unalazimika kuinama ili umsikie. Nikamtania: "Mama, hapa hakuna mtoto aliyelala."

Alitabasamu, akaniongezea viazi. Mirva alisukuma kiti na kutoka nje. Sikujua nimekosea wapi. Hawa watu nao.

Jumapili, 6 Julai

Nyuzi joto ishirini na tisa. Niliimba vizuri nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliimba tu.

Ijumaa, 11 Julai

Leo Mirva amenikamata nyuma ya gari nikipuliza dawa ya koo. Dawa ile inatia ganzi, unaimba bila kusikia unaumia wapi.

"Hiyo chupa ya ngapi?"

"Sijakuajiri kunihesabia chupa."

"Nenda kwa daktari wa koo, Helka."

"Na nani ataimba? Wewe?"

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nawaza. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba anaitaka nafasi yangu, kwamba huo ukimya wake wote ni wa mtu anayevizia. Akanijibu bila hasira, na hilo liliniudhi zaidi.

"Mimi naimba kama mlango. Nenda kwa daktari."

Tapsa akapitisha kichwa dirishani. "Mabosi, ngoma zangu zinapigwa na jua. Mnagombana mpaka saa ngapi, nizifunike?"

Jumapili, 13 Julai

Mvua. Chupa nyingine.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbaya. Naandika polepole.

Jana tulikuwa kwenye banda la mbali, kaskazini, mwendo mrefu wa misitu mitupu. Kabla ya kupanda jukwaani nilijaribu sauti chooni na haikutoka. Nikajaribu tena, ukatoka mlio wa bawaba. Nikampuliza, maana nimeanza kulizungumzia koo kama mtu mwingine, nikampuliza mara tatu, nikapanda. Niliimba nyimbo zote. Sijui niliziimbaje. Watu walicheza, na mwenyekiti wa pale alinipa mkono akasema tarehe ni zetu tena mwakani. Mzee Veikko aliniminya bega: "Umeona? Msuli."

Wakati wa kurudi Veikko alipanda gari la rafiki yake, Tapsa akalala nyuma, Mirva akaendesha. Nilikuwa nimefurahi. Nilinong'ona, maana ndicho kilichokuwa kimebaki: "Baba yako alisema kweli."

Mirva akawasha kiashiria, akasimamisha gari kando ya barabara, katikati ya misonobari.

"Unajua unasemaje sasa hivi?" akaniuliza.

"Nasemaje?"

"Kama mama."

Sikuelewa mara moja. Au niseme nilielewa na sikutaka.

"Mama alikuwa mwimbaji wa baba," akasema Mirva. "Hukuambiwa? Bendi yake ya kwanza. Nilikuwa nalala ndani ya sanduku la kodiani pembeni ya jukwaa. Watu walikuwa wanatoka mikoa mitatu kumsikia. Kiangazi kimoja koo likaanza, na baba akamwambia yale yale. Njoo na gongo. Koo ni msuli. Mama alimaliza msimu. Hakufuta hata moja." Akazima kiashiria. "Ulipomtania kuhusu mtoto aliyelala, nilitoka ili nisikurushie bakuli."

Nilitaka kusema samahani na sikuweza kuisema kwa sauti ya kawaida, ikatoka kwa mnong'ono, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikumbuka supu, viazi, lile tabasamu. Nilijisikia mjinga, na mchafu.

"Mbona hukuniambia tangu Mei?"

"Ningekuambia nini? Usimsikilize baba yangu? Unaandika kila analosema." Akarudisha gari barabarani. "Na mengine anayosema ni kweli. Hilo ndilo tatizo lake."

Alhamisi, 24 Julai

Daktari wa koo amepitisha kamba yenye kamera puani mwangu na kunionyesha nyuzi za sauti kwenye skrini. Ni vitu viwili vidogo, vyeupe. Kwenye kila kimoja kuna kinundu, chekundu kama chunusi.

"Unyamaze kabisa kwa wiki tano," akasema. "Hata kunong'ona usinong'one, kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Ukinyamaza, huenda vikaisha vyenyewe. Ukiendelea kuimba, tutavikata, na siwezi kukuahidi utabaki na sauti gani."

"Nina maonyesho Jumamosi. Nina Agosti nzima."

"Nimekusikia," akasema daktari. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu bado ni ufa."

Jioni nilimpigia Veikko simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Madaktari hawajawahi kujaza banda," akasema. "Jumamosi hii tu, mwanangu. Halafu tuone."

Jumapili, 27 Julai

Niliimba. Nilijua yote na bado niliimba. Nilijiambia Jumamosi hii tu, kama mlevi na glasi yake. Katika walzi ya nne sauti iliondoka na haikurudi. Nilifungua mdomo mbele ya watu mia mbili na ikatoka hewa. Mirva akamkonyeza Tapsa, wakageuza ikawa humpa, dansi ya kasi, na watu wakaruka ruka. Mimi niliendelea na gitaa langu, mdomo nimeufumba.

Kwenye ngazi za nyuma, Mzee Veikko alinifuata na glasi ya maji. Uso wake ulikuwa umepauka. Alinitazama mdomoni, akaniwekea maji kwenye ngazi na kuondoka. Nimemchukia usiku mzima. Asubuhi nikakumbuka kwamba si yeye aliyepanda jukwaani kwa miguu yangu.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeanza kunyamaza. Nimefuta maonyesho yote ya Agosti isipokuwa la kufunga. Niliandika ujumbe, Mirva akapiga simu. Wa mabanda mawili wamesema pole, tutawaita tena. La tatu mwenyekiti alisema, "Aa," akakata. Wauza matrekta wametuma maua. Sikutegemea maua kutoka kwa wauza matrekta.

Veikko alipopata habari alikuja mpaka mlangoni kwangu, na kofia yake mkononi.

"Umefuta mabanda matatu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Viangazi arobaini sijafuta hata moja."

Nikachukua kibao cha kuandikia, kile cha watoto, nikaandika: *Najua. Nimekula supu kwa Anneli.*

Alikisoma kibao muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. Kisha akavaa kofia. "Tafuta mpiga kodiani mwingine," akasema, na akashuka ngazi akishika ukuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Jumamosi ya pili bila dansi. Nimechuma matunda ya msituni, nimepika jemu, nimelia kidogo bila sauti. Kulia bila sauti ni kazi ngumu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Orvokki na kibao changu. Mirva alitaka anisindikize, nikakataa. Mwenye bendi ni mimi. Orvokki alikuwa anasugua masufuria. Nikamwandikia yote: koo, daktari, tarehe thelathini siwezi kuimba.

"Mwimbaji mwingine?"

*Wazuri wote wameshachukuliwa.*

"Na Veikko?"

Nikaandika: *Ameacha.* Nikafuta, nikaandika: *Sijui.*

Akajifuta mikono kwenye aproni. Nilikuwa najua anachofikiri: ana bendi tatu zinazoweza kuja kesho zikipigiwa simu leo.

"Watu wangu hawaji kusikiliza," akasema mwishowe. "Mnapenda kufikiri hivyo, nyie waimbaji, na mimi nawaacha mfikiri. Wanakuja kushikwa. Kuna watu pale hawashikwi na mtu kuanzia Agosti mpaka Mei. Ukiweza kuwafanya washikane bila kuimba, njoo. Lakini, Helka, nikiona sakafu tupu, hata kwa wimbo mmoja, sikuandiki. Na usije na kibao kunililia."

Nikaandika: *Nakuja.* Ikasomeka vibaya, nikalazimika kuandika tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Mazoezi: besi, ngoma, gitaa. Tapsa anasema tunasikika kama mashine ya kufulia yenye huzuni. Mirva alicheka. Sikujua ana kicheko kizuri hivyo.

Jumapili, 24 Agosti

Chekechea wanataka jibu mwisho wa mwezi. Hakuna habari ya Veikko. Usiku umeanza kuwa na giza tena.

Jumapili, 31 Agosti

Jana mvua ilianza adhuhuri. Saa kumi na mbili tulikuwa tunapanga vyombo, watu watatu na maikrofoni moja isiyo na kazi, gari la zamani likaingia uwanjani. Akashuka Mzee Veikko na sanduku lake. Upande wa pili akashuka Anneli, kavaa gauni la kijani.

"Nilikubali hili la leo tangu Januari," Veikko akasema, akinipita bila kunitazama. "Mimi sifuti."

Sikujua nicheke au nimpige. Tapsa alimkumbatia begani kwa mkono mmoja, akamwambia, "Mzee, bila wewe tulikuwa tunafulia nguo."

Watu walikuja licha ya mvua. Wakauliza mwimbaji yuko wapi, wakaambiwa anaumwa, wakanung'unika. Jozi ya kwanza ya nyimbo sakafu ilikuwa nusu, ya pili ikazidi kidogo. Veikko alipiga kwa nguvu zote, alipiga sehemu yake na yangu pia, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye vibonye. Orvokki alikuwa nyuma ya meza ya kahawa, amekunja mikono, anatazama sakafu, hanitazami mimi. Kila wimbo ulipoisha nilihesabu viatu.

Saa tatu ikawaka taa nyekundu. Zamu ya wanawake. Benchi lote likainuka, kama kawaida, kila mmoja anamjua anayemfuata. Ndipo Anneli akatoka. Alivuka sakafu polepole akapita wanaume wote waliojipanga ukutani, akaja mpaka ukingo wa jukwaa, akasimama mbele ya kodiani na kunyoosha mkono.

Wanawake wakasimama njiani. Kila mwenye umri mkubwa pale ndani alikuwa anajua Anneli ni nani na aliimba nini. Hakuna aliyecheza.

Veikko akabaki na vidole juu ya vibonye. "Anneli, niko kazini."

Mkono wa Anneli ulibaki pale pale. Zamu ya wanawake haikataliwi. Haijawahi kukataliwa kwenye banda lolote ninalolijua, hata na mlevi, hata na mume aliyenuniwa. Na huyu mzee, ambaye hajawahi kuacha jukwaa kwa homa wala kwa msiba, nilimwona akigeuza kichwa na kunitazama mimi, mwenye bendi, kama mtu anayeomba ruhusa au anayeomba anyimwe. Nilifikiria sakafu. Nilifikiria Orvokki. Bila kodiani na bila sauti tulikuwa na mashine ya kufulia.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavua mikanda ya kodiani begani, akaiweka chini kwa uangalifu, akashuka.

Nilianza kupiga kitu pekee ambacho vidole vyangu vingeweza kukipiga bila kichwa kuwapo: tango langu. Wa kwanza kwenye jozi, kosa lile lile la Mei. Safari hii sikuwa na sauti ya kulitangazia. Gitaa lilisikika jembamba mno, Mirva akaja chini yake na besi, Tapsa akaweka vijiti kando akapiga kwa mikono. Watu wote wakiwa wamesimama, wazee wawili wakacheza peke yao kwenye sakafu ya kubeba watu mia tatu. Veikko hachezi vizuri. Hakuna aliyewahi kujua, maana hakuna aliyewahi kumwona. Anneli alimwongoza. Kwenye kona ya pili aliweka mdomo sikioni kwake akasema kitu, na Veikko akaweka paji la uso kwenye bega lake akaacha kuhesabu hatua.

Sikuthubutu kutazama meza ya kahawa. Nilipiga wimbo ule mpaka mwisho na ulikuwa mrefu kuliko nilivyoutunga.

Halafu wa pili, walzi ambayo kila mtoto anaijua, na benchi lote likaingia. Kufika ubeti wa pili ulikuwa huoni mbao.

Tulipokuwa tunapakia, Orvokki alikuja.

"Nilikwambia sakafu tupu, hata kwa wimbo mmoja."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshajiona chekechea: konokono, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Haikuwa tupu," akasema. "Walikuwapo wawili. Nimewaandika Juhannus na kufunga." Akaondoka hatua chache, akarudi. "Katikati nimewaachia Julai, mpumzike. Usinibishie." Kana kwamba ningeweza.

Veikko alikuwa kwenye gari lake, mlango wazi, Anneli amelala kwenye kiti cha pili na viatu mkononi. Mzee alizungumza akitazama usukani.

"Yule daktari wako," akasema. "Enzi zile hatukumtafuta wa kwetu. Mimi nilisema tusimtafute."

Nikamshika bega. Sikumwambia si kitu, kwa sababu si kweli, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba siruhusiwi kusema.

Nimewaandikia chekechea asante na kwaheri. Mirva anasema wangenipa asubuhi mbili kwa wiki majira ya baridi kama ningeomba, na nisiwe mjinga. "Mimi uuguzi unanilipia besi," anasema. "Ndiyo maana hakuna anayeweza kunilazimisha kuipiga." Nimeandika barua nyingine, kuomba hizo asubuhi mbili.

Jumatano, 3 Septemba

Daktari ameangalia. Kinundu kimoja kimeisha, cha pili kimesinyaa. Naruhusiwa kusema, kidogo kidogo, kwa siku dakika chache. Nyimbo bado, labda Novemba, labda baadaye. Nilitoka pale nimefumba mdomo kama niliyebeba yai. Nilitaka neno la kwanza liwe la maana. Nilifikiria nimpigie Anneli.

Nikiwa bado kwenye maegesho, simu ikalia. Mwanamume, sauti changamfu, wa meli ya dansi. Mwimbaji wao ameugua, wananitaka kesho na kesho kutwa, ukumbi mkubwa, watu wanaonijua wamenitaja, na nikiwafaa kuna kazi ya majira yote ya baridi. Alizungumza haraka, kama wanavyozungumza watu ambao hawajawahi kukataliwa.

"Kwa hiyo niandike ndiyo?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba na ngeni, kama ya binti wa miaka kumi na miwili. Lakini haikukwaruza.